Katuni za Kijapani Ziwafaazo Wapenzi wa Mchezo wa Hadithi

Tangu muhula uliopita wenzangu wengi, na hata walimu wawili, wameniuliza swali moja. Sisi watu sita tunaokaa pembeni mwa bwalo kila Jumamosi baada ya usafi, tukilizunguka kopo la maziwa ya unga, tunafanya nini? Wengine wamedhani ni kamari. Wengine wamedhani jambo baya zaidi, nami nitafika huko. Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu ili nieleze, na maadam nimeipata nafasi hiyo, nitaeleza pia habari za sinema za katuni za Kijapani, ambazo vijana huziita anime, hasa zile za majoka, mapango na mapanga. Mambo haya mawili, mchezo wetu na katuni hizo, ni ndugu wa tumbo moja, kama nitakavyoonyesha.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu mmoja huwa msimulizi. Waliobaki, kila mmoja hujifanya mtu fulani ndani ya hadithi: huyu ni askari wa upanga, yule ni fundi wa kufungua makufuli, mwingine ni tabibu. Msimulizi husema, kwa mfano: "Mmefika penye daraja la kamba. Ng'ambo ameketi mzee, na mbwa wake ana vichwa viwili. Mnafanyaje?" Katika ngano za bibi zetu msikilizaji huitikia "Pakawa!" kisha hutulia akasikiliza mpaka mwisho. Hapa msikilizaji huinuka akaingia katika hadithi kwa miguu yake. Anaweza kumsalimu mzee, au kumtupia mbwa mfupa, au kurudi nyuma kutafuta kivuko. Kila mtu ana karatasi yake iliyoandikwa nguvu zake, udhaifu wake, na vitu alivyobeba. Na jambo likiwa la mashaka, bahati ndiyo huamua. Wenye mchezo hutumia dadu ya pande 20. Sisi dadu ya namna hiyo hatujaiona kwa macho, bali tumeandika namba 1 mpaka 20 katika vikaratasi tukavitia ndani ya kopo. Ukichomoa namba kubwa umevuka. Ukichomoa 2, umo mtoni. Fedha haimo kabisa, na hakuna anayeshinda wala kushindwa. Watu wote huwa upande mmoja, wakisaidiana, na hilo ndilo lililonivuta mimi.

Mchezo huu ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Kwa muda mrefu kanuni zake zilikuwa katika vitabu vya bei kubwa. Lakini mwezi wa Januari 2023 kampuni yenye mchezo iliziachilia kanuni za msingi kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzinakili bure. Mwalimu mmoja wa mazoezi aliyekuwa hapa kwetu alituchapishia kurasa kadhaa za kanuni hizo kabla hajaondoka. Kurasa hizo sasa zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa.

Basi nije kwenye katuni. Sisi wa Mwese hatuzitazami shuleni, maana simu haziruhusiwi, na ni vizuri. Mimi huzitazama wakati wa likizo, Mpanda mjini, katika kompyuta mpakato ya binamu yangu. Katika vibanda umiza huzioni sana. Huko watu hulipa kiingilio kwa ajili ya mpira, na kwa ajili ya muvi ambazo mtu ameingiza sauti yake juu yake akaeleza kila kitu kwa Kiswahili. Kazi hiyo Lufufu aliifanya sana Dar es Salaam, na DJ Afro kule Kenya, na wote wawili walikuwa na desturi ya kuongeza maneno yao ambayo mwenye sinema hakuyaandika. Katuni za binamu yangu husemwa kwa Kijapani, na maandishi ya Kiingereza hupita chini. Wadogo zetu hawawezi kuyasoma upesi, kwa hiyo nikawa mimi ndiye mfasiri wao. Yakipita maneno marefu nayakata. Yakipita mafupi mno nayaongeza chumvi. Nikirudi shuleni nakuwa msimulizi aliyekwisha kufanya mazoezi ya mwezi mzima. (Kwa mwalimu wetu wa Kiingereza: hata matokeo yangu yamepanda kidogo.)

Wa kwanza ninaowashauri watu kuutazama ni mfululizo uitwao Record of Lodoss War, kwa sababu ya namna ulivyozaliwa. Mwaka 1986 gazeti moja la Kijapani la michezo ya kompyuta, liitwalo Comptiq, lilianza kuchapisha mazungumzo ya kundi la watu waliokuwa wakicheza mchezo huu huu wa Gygax. Msimulizi wao alikuwa kijana aitwaye Ryo Mizuno. Wasomaji wakayapenda mazungumzo hayo kama wapendavyo riwaya. Mizuno akayageuza kuwa riwaya kweli tangu mwaka 1988, na katika miaka ya 1990 na 1991 zikatoka sehemu 13 za katuni. Kwa hiyo unapomtazama kijana Parn na wenzake wakipita msituni, ujue kwamba hapo mwanzo walikuwa watu wamekaa mezani wakitupa dadu, kama sisi na kopo letu.

Jambo jingine ambalo napenda kuwaambia watu ni hili. Miongoni mwao yumo msichana wa msituni, mwenye masikio marefu, jina lake Deedlit, ambaye watazamaji wengi humpenda kuliko wote. Aliyemcheza mezani alikuwa mwanamume, mwandishi Hiroshi Yamamoto. Katika kundi letu yupo mvulana mwenye ndevu zinazoanza kuota ambaye hujifanya bibi kizee muuza chumvi, na watu wakipita humcheka. Huwa nawajibu kwa habari ya Deedlit.

Kasoro za Lodoss zipo. Sehemu ya kwanza inaanza katikati ya safari, ndani ya mapango ya mbilikimo, na asiyejua atadhani amekosa mwanzo. Avumilie, mwanzo utakuja katika sehemu ya pili. Tena picha ni nzuri mno lakini mara nyingine hazijongei, kama kwamba mchoraji alikwenda kunywa chai. Lakini mpangilio wa watu ni ule ule wa mezani: askari, kasisi, mjuzi wa maneno ya nguvu, mbilikimo mwenye shoka, mwizi, na yule binti wa msituni. Ukitaka kumweleza mtu mchezo wetu bila kuusema, mwonyeshe hiyo.

Watu hao wa msituni Wazungu huwaita elf, na Wajapani, kwa kuwa ulimi wao kwa kawaida haufungi neno bila irabu, husema erufu. Ulimi wetu nao uko hivyo hivyo. Sisi tumewaita Elfu, na jina limewakaa vema, maana inasemekana huishi miaka elfu.

Neno lililotutaabisha ni jingine, nalo ni mchawi.

Muhula uliopita, siku ya wazazi kututembelea, mama wa mwenzetu mmoja alipanga nguo za mwanawe sandukuni, akakuta karatasi yake ya mchezo. Juu yake yameandikwa maneno: "Mchawi, ngazi ya tatu." Mama huyo alikasirika, na mimi nasema alikuwa na haki ya kuogopa. Katika mikoa ya magharibi na ya ziwa ya nchi yetu neno hili si la mzaha. Bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine bila kosa lolote ila macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Sheria ya uchawi tunayo tangu mwaka 1928, enzi za Waingereza, na mauaji hayakukoma kwa sheria hiyo. Basi mzazi akilisoma neno hilo juu ya jina la mwanawe, unataka afanye nini, acheke? Alimkataza kukaa mezani petu, na mwenzetu akatii. Kwa majuma saba kiti chake kikawa kitupu.

Nilipotafuta habari niliona kwamba jambo hili si geni. Huko Marekani kwenyewe, katika miaka ya 1980, wazazi na makanisa mengi waliuogopa mchezo huu wakiuita wa kishetani. Mwaka 1983 mama mmoja wa Virginia aliyefiwa na mwanawe alianzisha chama cha kuupinga. Hofu ile ilipoa baada ya miaka, maana waliochunguza hawakuona kwamba wachezaji ni wabaya kuliko vijana wengine. Lakini sikumpelekea mama wa mwenzetu habari hizo. Mtu akiogopa kwa ajili ya mtoto wake hatulizwi kwa habari za Virginia.

Tulifanya lililokuwa katika uwezo wetu, yaani kubadili neno. Tulikaa jioni nzima tukitafuta. Mganga lilikataliwa, kwa sababu waganga wa kweli wapo na wengine hapa ni jamaa zetu. Mazingaombwe ni ya kuchekesha watu. Mwishoni tukakubaliana kusema mjuzi, na anachokifanya tukakiita ujuzi. Nalo ni neno la haki, kwa kuwa katika kanuni mtu huyo hana mapatano na pepo yeyote. Amesoma vitabu mpaka akajua.

Mjuzi bora katika katuni zote nilizoziona ni Frieren. Hadithi yake iliandikwa na Kanehito Yamada ikachorwa na Tsukasa Abe tangu mwaka 2020, na katuni ya kwanza, sehemu 28, ilionyeshwa kati ya Septemba 2023 na Machi 2024. Inaanza pale hadithi nyingine zinapokwisha. Mfalme wa mashetani amekwisha kuuawa, na mashujaa wanne wanarudi nyumbani baada ya safari ya miaka 10. Frieren ni Elfu, na kwake miaka 10 ni kama likizo fupi. Anaagana na wenzake, anarudi baada ya miaka 50, anamkuta Himmel, yule shujaa kijana, amekuwa mzee mfupi mwenye upara. Punde Himmel anafariki. Frieren analia kaburini kwa sababu alisafiri naye miaka 10 na hakujishughulisha kumjua. Kuanzia hapo anaipita tena njia ile ile ya zamani, pamoja na mwanafunzi wake Fern, akiokota kumbukumbu za wenzake kijiji baada ya kijiji.

Wasiopenda watasema haina vita vya kutosha. Ni kweli, sehemu nyingine zinapita wakitafuta maua tu. Mimi niliipenda kwa sababu ya Mwese. Hapa kwetu juu kwenye baridi na maharage wako wazee waliofika kutoka Rwanda katika miaka ya 1960, wengine wakiwa watoto wa mgongoni, wakati mahali hapa palipofanywa makazi ya wakimbizi. Sasa wanaoweza kusimulia safari ile ni wachache. Machoni pa Elfu hao wote walifika jana. Machoni petu wamefika zamani sana, tena wanaondoka. Kwa mchezaji wa mezani Frieren anafundisha kitu ambacho kanuni hazikiandiki: kwamba mahali unapopita katika hadithi pana watu, nao wataendelea kuishi ukiisha kupita. Tangu niione, kila kijiji ninachokisimulia nakipa angalau mzee mmoja anayekumbuka jambo.

Sasa Dungeon Meshi. Hii nitaikalia kidogo.

Mwandishi na mchoraji wake ni Ryoko Kui. Aliichora toka mwaka 2014 hadi 2023, na kampuni ya Trigger ikaifanya katuni ya sehemu 24 mwaka 2024. Kundi la watu limeshuka mashimoni, chini kabisa, likakutana na joka jekundu. Wamechoka na wana njaa, wanashindwa. Binti aitwaye Falin anatumia ujuzi wake wa mwisho kuwatoa wenzake nje, na yeye mwenyewe anamezwa. Nduguye Laios anajikuta juani akiwa salama, hana mizigo, hana fedha, na dada yake yumo tumboni mwa joka. Wenzao wawili wanaondoka. Lakini joka likishiba hulala, na chakula chake huchelewa kusagika. Yaani wakirudi upesi huenda wakamwahi. Wakienda kwanza kutafuta fedha za chakula watachelewa. Kwa hiyo Laios anasema: tutakula wanyama wa humo humo mashimoni.

Wenzangu walicheka niliposimulia, nami nilicheka nilipoiona. Lakini haikuandikwa kwa mzaha. Wanakutana na mbilikimo mmoja, Senshi, ambaye kwa miaka 10 amekuwa akijifunza kupika viumbe vya mashimoni, na kila mlo unaelezwa hatua kwa hatua: sehemu gani ya uyoga unaotembea inafaa, nge mkubwa apasuliwe vipi kabla ya kutiwa chunguni. Kuna mavazi ya chuma yatembeayo yenyewe, ambayo wapiganaji wote huyaogopa; Laios anachungulia ndani na kukuta viumbe laini kama konokono vimejibana katika viungo vyake. Usiku ule wanavila. Yule Elfu wao, Marcille, anapiga kelele kila mara kwamba hatakula, na kila mara anakula, na kila mara anaomba kuongezwa. Kwa mtu wa Ulaya labda hayo ni maajabu. Kwetu, mvua za kwanza zikinyesha, bibi anaingia porini na kikapu, anarudi na uyoga wa namna nne, na ule wa tano ameuacha kwa sababu anajua unaua. Na kumbikumbi je? Senshi angekaa kwetu muhula mmoja angeandika kitabu.

Kwa mchezaji wa mezani faida iko hapa. Wasimulizi wengi hujaza mapango yao wanyama wa kutisha bila kujiuliza wanyama hao wanakula nini, wanakunywa wapi, na nani huwala wao. Bi Kui amejiuliza. Kila kiumbe chake kina kazi, na ukikiua ovyo kingine kinaharibika. Aliyesoma baiolojia ya Kidato cha Pili ataitambua mara moja minyororo ya chakula.

Hadithi hiyo ndiyo iliyoamua habari za kiti kitupu. Mwenzetu alipokatazwa tulibaki na mtu wake, yule mjuzi wa ngazi ya tatu, amesimama katikati ya pango hana wa kumsemea. Mmoja wetu alisema amezwe na joka yaishe, na kanuni zinaruhusu. Mwingine alitaka kumchukua awe wake, maana alikuwa na fimbo nzuri. Mimi nilikataa yote mawili. Nilisema kwamba mtu hafi kwa kukatazwa na mama yake. Tulibishana mpaka kengele ya kulala. Mwishowe msimulizi wetu aliamua hivi: mjuzi amepatwa na usingizi wa joka, amelala nyuma ya mlango wa jiwe, na hatuna nguvu ya kuufungua sasa. Karatasi yake tuliikunja tukaiweka chini kabisa ya kopo, chini ya zile namba.

Kuna moja zaidi ninayoitaja kwa moyo wote, nayo ni Moribito. Ni riwaya ya mwaka 1996 ya Nahoko Uehashi, mwanamke aliyesomea mila za watu, ambaye mwaka 2014 alipata tuzo ya Hans Christian Andersen, iliyo kubwa kuliko zote duniani kwa waandishi wa vitabu vya watoto. Katuni yake ya sehemu 26 ilitoka mwaka 2007. Hakuna kundi kubwa hapa. Yupo Balsa, mwanamke wa miaka 30 mwenye mkuki, aliyeapa kuokoa maisha ya watu wanane kwa sababu wanane walikufa kwa ajili yake, na yupo Chagum, mtoto wa mfalme, ambaye baba yake mwenyewe ameamuru auawe. Yai la roho ya maji limo mwilini mwa mtoto huyo. Wakubwa wa nchi wana kitabu kisemacho kwamba mfalme wa kwanza alimwua shetani wa maji, na kwamba wasipomwua huyu utakuja ukame. Lakini watu wa Yakoo, waliokuwapo kabla ya wafalme, wana hadithi nyingine, nayo imebaki vipande vipande tu, katika sherehe na nyimbo ambazo hata wao hawajui tena maana yake. Uhai wa mtoto unategemea nani anakumbuka hadithi sawasawa.

Nilipoitazama sikushangaa kwamba aliyeiandika ni mwanafunzi wa mila za watu, na Wajapani hawakuanza jana kutafuta mila. Hata kwetu wamefika. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwachunguza sokwe katika milima ya Mahale, kule ziwani, mahali palipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985. Wenzake wengine walikaa vijijini kwa Watongwe wakiandika desturi zao. Na mkoa wetu huu umepewa jina la nani? Wazee husema Katabi alikuwa mwindaji, na kwamba roho yake imo katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambapo mpaka leo watu huweka sadaka. Nchi nyingine zina mikoa yenye majina ya majenerali. Sisi mkoa wetu una jina la mzimu wa mwindaji chini ya mkwaju, halafu tunakwenda kutafuta maajabu Ulaya.

Hata hivyo Katabi hatumtii katika mchezo wetu. Lilizungumzwa, tukaacha. Joka la Lodoss halina mwenyewe, unaweza kulipiga mkuki upendavyo; lakini mkwaju ule una watu wanaokwenda kuomba penye shina lake, na vikaratasi vya kopo havina haki ya kuamua mambo yake. Msimulizi wetu ametunga mwindaji mwingine, na mti mwingine, na ziwa ambalo halimo katika ramani.

Nyingine nitazipita upesi. Slayers ya mwaka 1995 ni ya kuchekesha. Binti Lina Inverse anapenda kula na anapenda fedha, na akikasirika anaunguza mji. Itazame ukiwa umechoka. Goblin Slayer ya mwaka 2018 inatajwa sana na wapenda mchezo, kwa sababu inahesabu mishale na kamba kama sisi tunavyohesabu. Lakini sehemu yake ya kwanza ina unyama juu ya wasichana ambao haufai kuonyeshwa watoto, na mimi naona haukuhitajika hata kwa watu wazima. Wazazi wakiikuta katika flashi ya kijana wao, waifute. Na mtu asiwaambie kwamba katuni zote ni za watoto.

Nimebakiza habari ya yule mama. Muhula huu, siku ya wazazi, alikuja tena. Mwalimu wa zamu alimwalika akae bwaloni aone kwa macho yake, na tukacheza mbele yake, magoti yakitutetemeka. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akavuta kiti. Wenzetu walikuwa kambini, usiku, nje ya mlango wa jiwe. Msimulizi akasema wamebakiwa na unga kidogo na maharage, na kwamba mvua inanyesha. Mama akasikiliza kwa muda mrefu, mkoba mapajani. Kisha akauliza:

"Na anayepika ni nani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa anapika. Katika muhula mzima hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

"Watu sita, siku tisa njiani, na hakuna mpishi?" akasema. "Mtafika wapi nyinyi?"

Mwalimu akacheka. Mama hakucheka. Aliuliza kama katika kanuni zetu mtu anaweza kuwa mpishi, msimulizi akajibu kwamba anaweza kuwa chochote. Akauliza neno lile lingalipo katika karatasi, tukamwambia hapana, tumelifuta, sasa twasema mjuzi. Akasema mjuzi hapana vile vile. Mpishi, sawa. Na Jumamosi tu, na akishuka katika mtihani wa Hisabati, basi.

Jumamosi iliyofuata tulichomoa 17 na mlango wa jiwe ukafunguka. Mwenzetu yuko mezani, na karatasi yake mpya imeandikwa "Mpishi, ngazi ya kwanza." Analalamika sana kwamba alikuwa wa tatu. Tumemwambia apeleke malalamiko yake nyumbani.